Cherehani Imelazwa

Jioni hiyo muuguzi aliingia nyumbani, akautupa mkoba kwenye kiti, akavua kiatu kimoja, akasahau kuvua cha pili, akatangaza kwamba atafelishwa.

"Atafelishwa nani?" mumewe aliuliza kutoka chini ya meza, alikokuwa amelala chali akichokonoa soketi ya ukutani. Alikuwa fundi umeme, na kama ilivyo kawaida ya mafundi, soketi za nyumba za watu zilikuwa salama salimini, za kwake ndizo zilizokuwa zinarusha cheche.

"Nitafelishwa mimi! Mkufunzi kanisema mbele ya darasa zima. Eti, 'Dada, wewe huzungumzi na mgonjwa. Unalia kama king'ora.' Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu."

Fundi naye alicheka huko huko chini. Mama yake hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anapinda suruali ya mtu kwa mkono. Mtaani walimwita Mama Sindano. Nusu ya mtaa ilivaa nguo alizoshona, na nusu nyingine ilimdai nguo alizoahidi kushona. Nyuma ya kiti chake, kwenye kona, palikuwa na kipande cha sakafu kilichong'aa kuliko pengine pote. Hapo ndipo cherehani yake ilipokuwa imesimama miaka nenda miaka rudi, na sasa haikuwapo. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba gurudumu limevunjika na mashine iko kwa fundi. Mkwewe, kwa ulimi wake wa hospitali, akaanzisha mzaha: cherehani ya mama imelazwa. Kila jioni mtu aliulizia hali ya mgonjwa, na kila jioni Mama Sindano alijibu kwamba hajaruhusiwa kutoka.

Ukweli ni kwamba cherehani ilikuwa na afya tele. Mgonjwa alikuwa mwenyewe.

Mambo yalianza kwa kijana mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali, akakaa kusubiri huku anabofya simu. Mama Sindano akauliza anafanya nini. Kijana akamwonyesha timu mbili zinazocheza nchi ya mbali, akamwambia achague. Mama Sindano hakujua mpira, ila nguo alizijua. Akaangalia jezi. Moja ilikuwa na mshono wa begani uliotulia, rangi zimekutana sawasawa. Nyingine ilikaa kama gunia. "Hawa," akasema. "Watu wanaovaa hivi hawawezi kufungwa na watu wanaovaa vile." Wakashinda. Kijana alimrushia hela kidogo kwenye simu kama shukrani, na tangu siku hiyo Mama Sindano akawa anabeti kwa mshono. Mwanzoni ilileta raha, baadaye ikaleta usingizi wa mang'amung'amu, na mwisho ikaipeleka cherehani rehani, kwenye duka la vitu vilivyotumika la mzee mmoja anayeitwa Mzee Friji, kwa sababu duka lake lilijaa mafriji mpaka mlangoni. Mwisho wa mwezi asipoikomboa, inauzwa. Hakuna aliyejua nyumbani, na Mama Sindano alikuwa radhi ameze pini zake zote kuliko wajue.

Sasa uone vituko vya dunia. Katika wauguzi wote wa hospitali ile kubwa, mkwewe ndiye aliyechaguliwa kusomea kuwatibu watu walioshikwa na kamari.

"Si ungebaki tu wodini?" fundi alimwambia mkewe, akatoa kichwa. "Wodini king'ora kinahitajika."

"Sibaki!" Muuguzi alikaa, kiatu kimoja mguuni. Sauti ikashuka. "Unamkumbuka yule kijana niliyemfunga bandeji, aliyeruka dirishani kuwakimbia wanaomdai? Nilimfokea. Nilimwambia huna akili, huna aibu, mama yako kakusomesha bure. Niliona namsaidia. Akaniitikia, 'Ndiyo, sista.' Hakurudi hata kubadilishwa bandeji. Sijui yuko wapi mpaka leo."

Mama Sindano aliinamia suruali yake.

Muuguzi akaeleza mtihani. Hospitali inafungua chumba maalumu. Watakaokaa humo ni wale watakaofaulu, na kufaulu kwenyewe ni kuzungumza na mtu anayeigiza mgonjwa, wakufunzi wanatazama. Unauliza, halafu unamwacha mtu aseme. Humkatizi, humhubirii, humwonyeshi njia kabla hajafika njia panda. Mtu wa kamari, mkufunzi alisema, amekwisha kujitukana kabla hajaja kwako. Hana haja ya msaidizi.

"Kwa hiyo nataka mtu wa kufanyia mazoezi," alimalizia, akamtazama mumewe.

"Haya." Fundi alitoka chini ya meza akajipangusa. Akakaa, akalegeza mabega, akaning'iniza mdomo kama mlevi. "Daktari, nimekwisha. Nabeti kila nikipumua. Hili shati nimelibetia. Mke wangu nimembetia, nikampata tena."

"Huoni haya? Una mtoto!"

"Umeona? King'ora." Akacheka, akajipiga paja. "Lakini kusema kweli, mke wangu, watu hao wa nini? Mtu mzima na akili zake anapeleka hela kwenye simu. Ningekuwa mimi ningemfunga kamba kwenye nguzo ya umeme mpaka akili imrudie."

Sindano ilimchoma Mama Sindano kidoleni. Alinyonya tone la damu, akawatazama wale wawili, na akasikia kitu ambacho hakukitarajia. Hakikuwa hofu. Alikereka. Mtu anayeijua kazi akiona inafanywa vibaya, hawezi kuvumilia. Mtu wa kamari halegei namna ile! Mtu wa kamari ananyoosha nguo, anasalimia majirani, anauliza habari za watoto, na tumboni kumewaka moto.

"Ondoka hapo," alimwambia mwanawe. "Mgonjwa nitakuwa mimi."

*

Walianza kesho yake, chakula kilipoisha na vyombo vikaoshwa. Mjukuu alipewa kazi yake ya shule chumbani, akaonywa asichungulie, akachungulia.

Mama Sindano alijitungia mtu: dereva wa lori aliyestaafu, mpenda utani, mke wake mkali. Alimfanya mzito wa kukaa na mwepesi wa kuapa. Kwa kweli alikuwa na kipaji. Mjukuu alicheka mlangoni mpaka akafukuzwa.

Taabu ilikuwa kwa daktari. Muuguzi alikuwa na sauti mbili tu maishani, na hakuwa na ya katikati. Kwa mama mkwe alikuwa na ile ya heshima, macho chini, "samahani mama, kama hutajali mama." Akijisahau, alirukia ile ya wodini.

"Samahani mama... yaani, samahani bwana dereva. Unabeti mara nyingi?"

"Nyingi za kutosha, binti yangu. Hata juzi..."

"Juzi! Na mkeo anakula nini? Unajua presha ya mkeo imefika wapi?"

"Mwenyewe hajaniuliza, utaniuliza wewe?" alijibu dereva wa lori.

Muuguzi alijishika kichwa. "Siwezi. Mama, mimi siwezi. Nikisikia mtu anajiharibia, mdomo unafunguka wenyewe."

Alikuwa karibu kulia kwelikweli. Mama Sindano alimpenda sana mkwe huyu, ingawa hakuwahi kumwambia kwa maneno. Alimwambia kwa magauni. Aliondoka kwenye udereva wa lori.

"Sikiliza, mwanangu. Unajua kwa nini wateja wananieleza siri zao? Mwanamke nampima kiuno, ananiambia mume ana mwingine. Mwanaume nampima mguu, ananiambia kafukuzwa kazi. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu una huruma, mama."

"Huruma gani! Kwa sababu nina pini mdomoni. Nikipima, pini ziko hapa." Aligusa midomo. "Siwezi kusema kitu. Mtu akiona mwenzake kanyamaza na hajaenda popote, anaanza kumwaga. Ningekuwa na mdomo mtupu ningewakatiza wote, nami naupenda umbea kama mtu mwingine yeyote."

"Pini mdomoni ni hatari, mama. Tumewahi kumtolea mtu—"

"Najua, najua." Alivuta kopo lake la vifungo, akachakura, akatoa kifungo kikubwa cheusi cha koti la kiume. Akakiosha kwa maji ya moto, kwa kuwa anaishi na nesi, akampa. "Ukishauliza, weka hiki katikati ya midomo. Usikitoe mpaka mimi nimalize. Hata nikisema nimeiba treni."

Wakarudia. Muuguzi aliuliza: ilianzaje? Akabana kifungo. Macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, mguu ukaanza kucheza chini ya meza, lakini kifungo hakikutoka.

Dereva wa lori alieleza ilivyoanza: kijana mmoja kituoni, simu, timu mbili. Akamaliza. Muuguzi hakutoa kifungo, alidhani bado. Kimya kikakaa. Na katika kimya kile Mama Sindano alijikuta ameongeza, bila kukusudia, "Siku ile nilijiona nina akili. Hakuna aliyekuwa ameniambia nina akili siku nyingi. Watu huniambia nina mikono."

Muuguzi alitoa kifungo. "Mama, hiyo ni nzuri sana! Umeitoa wapi?"

"Nimetunga," alisema Mama Sindano, akaenda kulala mapema.

*

Jioni baada ya jioni muuguzi aliendelea vizuri, na kadiri alivyoendelea vizuri ndivyo dereva wa lori alivyozidi kubanwa. Mama Sindano alitambua kosa lake alipokuwa amekwisha kulifanya: alikuwa amechukua silaha aliyoijua yeye peke yake mtaa mzima, akaiweka mikononi mwa mtu anayekaa naye nyumba moja. Angeweza kusema amechoka, atafutwe mgonjwa mwingine. Kila siku alikusudia kusema hivyo. Kila jioni ilipofika alikuwa wa kwanza kukaa mezani.

Nje ya meza ile, mambo yalizidi kuwa mabaya. Sare ya mjukuu ilichanika, na kwa mara ya kwanza ikanunuliwa dukani, sketi yenye upindo uliopanda upande mmoja. Mtoto wa nyumba ya Mama Sindano! Jirani aliitazama asubuhi, akamtazama bibi, akasema tu, "Mambo ya siku hizi." Mama Sindano aliifumua akaipinda upya kwa mkono, lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia.

Halafu Mzee Friji alimsimamisha barabarani, mbele ya muuza mkaa, wala hakupunguza sauti. "Mama, ile mashine yako, fundi mmoja wa kike kaja kuitazama mara mbili. Kaipenda. Mimi nasubiri mwisho wa mwezi tu, unanielewa?"

"Nakuelewa. Taratibu basi, mzee wangu."

"Niko taratibu," alisema Mzee Friji kwa sauti ile ile.

Siku hiyo Mama Sindano alikuwa ameshika malipo ya suruali kadhaa, na usiku kulikuwa na mechi. Aliziangalia jezi kwenye simu. Moja ilikuwa imeshonwa hasa, kola imelala, mistari imekutana kwapani. Hawa hawafungwi. Wakishinda, anaikomboa cherehani, anafuta mambo yote, na hakuna mtu atakayejua kitu. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni, na aliisikia pajani wakati wote wa chakula.

"Tuanze, mama?" muuguzi aliuliza. Mtihani ulikuwa karibu. "Leo swali gumu. Mkufunzi kasema lazima tujifunze kuliuliza."

"Uliza." Mechi ilikuwa haijaanza.

Muuguzi alikaa vizuri. Sauti yake siku hizi ilikuwa imepata ile ya katikati, wala mwenyewe hakujua. "Bwana dereva. Kuna kitu umekipoteza ambacho hujamwambia mtu yeyote?"

Akaweka kifungo.

Jibu lilikuwa tayari: lori. Dereva wa lori anapoteza lori, mtoto mdogo angejibu hivyo. Mama Sindano alifungua mdomo aseme lori. Alimwona mkwewe ametulia, kifungo cheusi katikati ya midomo, macho yake hayamshitaki wala hayamhurumii, yanasubiri tu kana kwamba muda ni mali ya mama peke yake. Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo tangu mumewe afe.

"Cherehani," alisema.

Kifungo kikaanguka, kikagonga meza, kikabingirika.

Muuguzi alivuta pumzi. Mama Sindano aliiona wodi nzima ikipanda kifuani mwa mkwewe: huna aibu, huna akili, mtu mzima. Akasubiri. Muuguzi alikiokota kifungo ukingoni mwa meza, akakifuta kwa upindo wa blauzi, akakirudisha mdomoni.

Basi Mama Sindano akasema yote. Duka la mafriji. Mwisho wa mwezi. Simu mfukoni, mechi ya leo, jezi iliyoshonwa vizuri. Alisema anajua jezi haichezi mpira, anajua vizuri sana, na kila mara anasahau. Alisema aibu ya kudanganya inaweza kuzoeleka, ila siku wanapoulizia hali ya mgonjwa wakicheka, huwa anatamani ardhi ipasuke.

Alipomaliza, chini ya meza pakasikika kishindo. Kichwa cha mtu kimegonga mbao.

Walikuwa wamemsahau fundi. Alikuwa amelala huko tangu chakula kilipoisha, kwenye ile soketi isiyopona, akicheza na bisibisi kimya kimya ili asiwaharibie mazoezi. Alitoka kwa magoti, mkono kichwani. Akapita kati yao akaingia chumbani.

"Mwanangu," Mama Sindano aliita.

Fundi alirudi na kitu kizito kilichofungwa kwa magazeti. Akakiweka mezani, akafunua. Lilikuwa gurudumu la cherehani, jipya, jeusi, lina mafuta yake ya kiwandani.

"Nimelitafuta mji mzima," alisema. "Mashine yako ya zamani, hawatengenezi tena. Nimepanda ghorofa, nimeshuka mabondeni. Watu wananicheka, fundi umeme anatafuta gurudumu. Nikalipata. Nilitaka nikushangaze."

Hapo ndipo Mama Sindano alipolia. Matusi angeyaweza, hata kamba na nguzo ya umeme angeziweza. Gurudumu hakuliweza.

Fundi alisimama kidogo, hajui aweke wapi mikono yake. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa haina pa kukaa. "Nilisema maneno hapa," alisema mwisho. "Ya nguzo."

"Ulisema."

"Sikujua ni wewe, mama."

"Ingekuwa mama wa mtu mwingine ungemfunga?" aliuliza Mama Sindano katikati ya machozi, na fundi, bila kupenda, akacheka puani.

Kisha akashika funguo. Anakwenda kwa Mzee Friji sasa hivi, alisema, atamgongea mlango, ataikomboa, mambo yaishe.

"Usiende," muuguzi alisema. Kifungo kilikuwa kwenye kiganja. "Tumefundishwa. Ukimlipia mtu yote kwa siku moja, umemfungulia ukurasa mpya wa kubetia."

"Huyu si 'mtu', ni mama yangu!"

"Anasema kweli," Mama Sindano aliingilia. Ilimuuma kusema. "Ukiikomboa leo, nitairudisha kule kule. Najijua. Wewe ndiye hunijui." Akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani karibu na gurudumu. Mechi ilikuwa inakaribia kuanza. "Nionyesheni pa kujitoa. Nibonyeze mwenyewe."

Muuguzi alimwonyesha jinsi ya kuwaambia wenye mchezo wamfungie mlango, wasimpokee tena hata akibisha. Mama Sindano alibonyeza kwa kidole kile kile kilichochomwa na sindano. Hakusikia ushujaa wowote. Alisikia njaa, kama mtu aliyeondolewa sahani kabla hajashiba, na akasema hivyo.

"Hiyo njaa ndiyo ya kutibiwa," muuguzi alisema. "Ila si na mimi, mama. Haturuhusiwi kutibu mtu wa nyumbani. Chumba kikifunguliwa, utamwona mwenzangu, kaka mmoja ninayesoma naye, ofisa ustawi wa jamii. Mtu mzuri."

"Nikamweleze mwanaume nisiyemjua mambo ya ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nitaona," alisema Mama Sindano, neno analowapa wateja wanaotaka nguo kabla ya Ijumaa. Nyumba nzima ilijua maana yake.

*

Wazo la mapazia lilikuwa la muuguzi. Chumba kipya kilikuwa na dirisha kubwa la kioo upande wa foleni, na mtu yeyote anayesubiri kung'olewa jino angeweza kumwona anayelia ndani. Hospitali ilitaka mapazia mazito, na italipa. Mama Sindano aliikubali kazi kabla hajakumbuka kwamba hana cherehani.

Akaenda kwa Mzee Friji. Alikaa nje kwanza akijifanya anatazama feni, kisha akaingia. Alimwambia hana pesa zote, ila ana kazi ya uhakika; amwachie mashine ashonee, kila atakacholipwa kitapitia kwake kwanza.

"Rehani haitoki dukani, mama. Ndiyo sheria yangu."

"Basi isitoke. Nitaingia mimi."

Mzee Friji hakuwa na sheria dhidi ya hilo. Kwa hiyo Mama Sindano, aliyekuwa radhi ameze pini zake zote kuliko mtu ajue, alikaa mchana kweupe kati ya mafriji mawili, mlangoni kwa sababu ndani hakukuwa na mwanga, akashona mapazia ya hospitali huku mtaa mzima unapita. Siku ya kwanza aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia sindano. Jirani yule wa sare alisimama makusudi.

"Mama Sindano! Si ulisema mashine imelazwa?"

Alikanyaga pedali, akamaliza mshono, akakata uzi. "Imelazwa. Niliiweka rehani kwa ajili ya kubeti. Haijaruhusiwa kutoka, ila mimi naruhusiwa kuja kuiona."

Jirani alitazama huku na huku. Akabaki amesimama. Baadaye akainama, akashusha sauti: "Na hiyo kliniki ya mkweo, wanapokea na waume za watu?"

Wiki hiyo Mzee Friji aliuza friji mbili kwa watu waliokuja kupindiwa suruali. Yule fundi wa kike alipokuja mara ya tatu kuitazama mashine, mzee alimwambia ina mwenyewe. Mwisho wa mwezi ulifika na kupita, naye akajifanya hakuuona.

Na mtihani? Muuguzi alifaulu. Aliwaomba wakufunzi ruhusa, akatoa kifungo mfukoni mwa sare, akakiweka mdomoni mbele ya jopo zima. Waliguna. Aliyeigiza mgonjwa, ofisa wa makao makuu aliyekariri maneno machache tu, akaishia kueleza mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi yake, ikabidi apewe maji. Mkufunzi alimwita pembeni akamuuliza mbinu ile kaisoma wapi.

"Kwa fundi nguo," muuguzi alisema.

*

Chumba kilifunguliwa. Mama Sindano alisema "nitaona" siku ya kwanza, na ya pili. Kila jioni, mechi zilipoanza huko zinakochezwa, mikono yake ilitafuta simu, na kwa kuwa mchezo ulikwisha kumfungia mlango, ilitafuta ugomvi. Alimgombeza mjukuu kwa kupumua kwa sauti. Mtoto alimtazama akasema, "Bibi, nenda tu kwa yule mtu." Mwanawe aliliweka gurudumu jipya kwenye kile kipande cha sakafu kinachong'aa, likawa linamtazama.

Akaenda. Alivaa gauni lake zuri, akapanga foleni, akakutana na mteja wake mmoja ambaye alikuja kung'olewa jino na akataka kujua yeye kafuata nini. "Mapazia," alijibu, na haikuwa uongo kamili. Alipoitwa, miguu ilitaka kurudi nyumbani. Aliingia akakaa, na kitu cha kwanza alichoona ni kwamba pazia la kushoto limepanda kidogo. Ikamuudhi. Alitamani aombe sindano.

Ofisa ustawi alikuwa pande la mtu, sauti nzito, mikono kama ya mbeba mizigo. "Karibu, mama. Mimi sina haraka. Tuanzie popote unapotaka."

Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kifungo cheusi cha koti, akakibana katikati ya midomo yake.

Mama Sindano alikodoa macho. "Nani kakufundisha hivyo?"

Mwanaume yule mkubwa alionyesha mdomo wake kwa kidole, akatingisha kichwa kwa masikitiko: hawezi kujibu.

Alicheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, mpaka foleni ikageuka kutazama pazia, mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hakujua tena ni ya kicheko au ni ya nini. Akajifuta kwa upindo wa gauni. Ofisa ustawi alikuwa bado amenyamaza, hajaenda popote, kifungo mdomoni, anasubiri.

"Haya," alisema Mama Sindano, akakaa vizuri kwenye kiti. "Kwanza kabisa, mimi si dereva wa lori."